Clemente wa Nambari 21

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita nilinunua jezi ya mtumba pale Gikomba, nyeupe, yenye jina Clemente na nambari 21 mgongoni. Rafiki zangu wanadhani huyo ni mwanasoka, lakini mzee mmoja mtaani kwetu alinishika bega akaniambia kwamba nimevaa jina la mtu mwenye utu. Mtu huyo ni nani? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Mzee huyo amekueleza ukweli. Jezi hiyo ni ya Roberto Clemente, mchezaji wa besiboli aliyezaliwa Carolina, Puerto Rico, kisiwa cha Karibea kinachozungumza Kihispania, mwaka 1934, akiwa kitinda mimba wa msimamizi wa wakata miwa. Aliichezea Pittsburgh Pirates ya Marekani kwa misimu 18, kuanzia 1955 hadi 1972. Kuhusu nambari 21, inasimuliwa kuwa alihesabu herufi za jina lake kamili, Roberto Clemente Walker (Walker ni ukoo wa mamake), akapata idadi hiyo. Jina lake alilithamini sana: wanahabari wa Marekani walipomwita Bob, na kuandika Kiingereza chake kwa namna ya kuidhihaki lafudhi yake, hakuchoka kuwaeleza kwamba anaitwa Roberto.

Ikiwa umewahi kucheza raunda shuleni, uchezaji wake utauelewa upesi, kwa kuwa katika besiboli pia mpigaji huupiga mpira kwa gongo na kukimbilia kituo kabla hajatolewa. Clemente aliongoza ligi yake kwa wastani wa mapigo mara nne, akatunukiwa mara 12 Glovu ya Dhahabu, ambayo hupewa walinzi bora. Akiwa mbali kabisa upande wa kulia wa uwanja, aliweza kuurusha mpira hadi kituoni kwa nguvu zilizowafanya wakimbiaji wafikirie mara mbili. Pigo lake la 3,000 alilipata tarehe 30 Septemba 1972.

Mimi, hata hivyo, humkumbuka zaidi kwa jambo la Oktoba 1971. Pirates walikuwa wametwaa taji la World Series, yaani fainali za ubingwa wa besiboli Marekani, naye ametangazwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Kipaza sauti cha televisheni kilipofika kwake, aliomba kusema kwanza kwa Kihispania kabla ya Kiingereza. Akawabariki wanawe, kisha akawaomba wazazi wake waliokuwa Puerto Rico wambariki.

Tarehe 23 Desemba 1972, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente aliongoza mchango wa misaada, na alipopata habari kwamba shehena zilizotangulia zilikuwa zikiishia mikononi mwa wanajeshi badala ya walioathirika, aliamua kuipeleka mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hakuna atakayethubutu kuigusa. Usiku wa tarehe 31 ndege yao, iliyopakiwa kupita uwezo wake, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuondoka San Juan, Puerto Rico, na wote watano waliokuwemo wakafariki. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38.

Mwaka uliofuata aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli bila kusubiriwa ile miaka mitano ya kawaida baada ya mchezaji kuacha kucheza. Mwili wake haukupatikana. Siku ya ibada ya kumkumbuka, mwenzake Manny Sanguillén, mdakaji wa Pirates, hakuwa kanisani na wachezaji wengine. Alikuwa baharini akipiga mbizi pamoja na wapiga mbizi waliokuwa wakimtafuta.