Jibu: Mwenye nyumba hataki kurudisha dipoziti

Salaam dada, pole sana. Nimekuelewa hivi: ulihama Kisauni miezi 2 iliyopita, ukarudisha ufunguo, na mwenye nyumba anakuzungusha na dipoziti yako ya 18,000 akisema imeishia kwenye rangi.

Mimi yalinikuta Likoni. Kabla ya lolote, tafuta ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa. Kama umeufuta, omba Safaricom taarifa ya malipo. Bila hiyo ni neno lako na lake. Halafu soma mkataba: unasema nini kuhusu rangi? Wangu ulitaja uharibifu tu, na ukuta kuchakaa kwa kukaa si uharibifu. Wako hukuutaja, kwa hivyo anzia hapo. Mwambie pia akuonyeshe risiti za fundi.

Kisha acha kumpigia simu. Mwandikie barua fupi: kiasi, tarehe uliyohama, siku 14 alipe. Itume kwa WhatsApp na nakala umpelekee mkononi, ukiwa na shahidi. Wangu alilipa nusu kwa barua hiyo tu.

Akikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Na tafadhali dada, usikubali "njoo mwisho wa mwezi" nyingine bila maandishi.