Kwa Tumaini, kuhusu lile neno la karma

Mwanangu Tumaini,

Ujumbe wako niliupata Jumapili tukitoka ibadani. Nikausoma palepale kwenye ngazi za kanisa, mpaka mama yako akanivuta koti kwa kuwa nilikuwa nimewazibia watu njia. Unasema mwenzako wa Sri Lanka mnayefanya naye kazi wodini huko Muscat alipouona mguu wa mwanao Baraka ulivyogeukia ndani, alisema ni karma, yaani malipo ya aliyotenda katika maisha aliyoishi kabla ya haya. Na kwa vile baba yako aliwahi kukaa kwa Wabuddha, unataka nikuambie kama dini yao inafundisha hivyo kweli. Halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, ukaongeza: "Na wewe baba, unaamini tunarudi?"

Nitakujibu. Ila hujaniambia alilisema kwa sauti gani, na hilo ndilo ningeuliza kwanza.

Miezi yangu sita ya mwaka 1991 unaijua, ile ambayo kampuni ilinipeleka Sri Lanka kujifunza chai ya kusokotwa, na picha ya sweta la Amma bado iko sebuleni. Nilichowahi kuwasimulia ni baridi ya Hatton na ukungu wake, utadhani uko Mufindi. Habari ya kijana wa Amma sikuwasimulia vizuri. Mwenye nyumba wangu huyo alikuwa mjane, na mwanawe wa mwisho polio ilikuwa imemwachia mguu mwembamba kama mpini wa jembe. Wiki ya kwanza tu, jirani alimtazama kijana yule akipanda ngazi za bustani ya chai, akamgeukia Amma akasema, "Ane, karume." Nikachangamka! Nikadhani wanamjua Mzee Karume. Nikaanza kuwahadithia Zanzibar na Mapinduzi ya 1964 kwa Kiingereza changu cha kiwandani, nao wananikodolea macho. Kijana mwenyewe ndiye aliyenielewesha, akicheka mpaka akashika ukuta. Karume kwa Kisinhala ndiyo karma, tena ile mbaya. "Wanauzungumzia mguu wangu," akaniambia.

Baadaye nikaligundua jambo. Amma alilitamka neno hilo hata maziwa yakichemka yakamwagika. Basi likikosekana, karume. Ni sawasawa na bibi yako alivyokuwa akisema "kudra ya Mungu" huku anafagia vigae vya chungu. Hakuwa anatoa hukumu, alikuwa anapumua. Lakini yule jirani alilisema kwa namna nyingine, macho yakiwa yamekaza kwenye mguu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa pale. Ndiyo maana nakuuliza habari ya sauti. Na unajua msimamo wangu, nimekuambia tangu ile siku ulipofungua daftari la dada yako ukalisoma mbele ya wageni: daftari la mtu husoma mwenyewe.

Sasa mafundisho. Kila mwezi mpevu kule ni sikukuu ya taifa, wanaita Poya, na siku hiyo hata pombe haiuzwi. Poya moja Amma alinipeleka hekaluni, tumevaa nyeupe, kijana kabeba chupa ya mafuta ya nazi ya kuwashia taa. Nikamuuliza hamuduruwo, yaani mtawa wao, swali lako hilihili karibu neno kwa neno. Mzee yule alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na haraka zake. Kwanza alitaka kujua tembo wetu wana ukubwa gani. Kisha akaniambia kwamba mtu mmoja aitwaye Sivaka alimwendea Buddha kumuuliza habari za wale wanaodai kila uchungu na kila raha inayompata mtu imetokana na alichotenda zamani. Buddha akasema hao wamepitiliza wanachoweza kukijua. Uchungu una vyanzo vingi, na mzee akaanza kuvihesabu kwa vidole: nyongo, kohozi, upepo, vyote vitatu vikivurugika pamoja, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa. Saba. Akakwama. Akatazama dari, akarudia kidole cha kwanza. Kijana wa Amma, aliyekuwa anamimina mafuta, akamkumbusha cha nane bila hata kugeuka: "Kamma." Kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, ndivyo karma linavyotamkwa. Wakacheka wote wawili.

Miaka mingi nimekitafakari kicheko kile. Kimoja kati ya vinane. Na aliyekitaja ni mwenye mguu.

Kwa hiyo ningeweza kuishia hapa nikuambie mwenzako kakosea. Lakini nisikudanganye, naye ana pa kushika. Kuna mazungumzo mengine ambamo kijana aitwaye Subha anamuuliza Buddha kwa nini watu hawalingani, huyu anaishi siku chache na yule nyingi, huyu mgonjwa na yule mzima, na Buddha anajibu waziwazi: aliyeua huzaliwa akawa na maisha mafupi, aliyetesa viumbe huwa mgonjwa, mchoyo huwa maskini. Limeandikwa. Huwezi kulifuta kwa sababu halimpendezi mama wa mtoto. Wenyewe wanavyolipatanisha na lile la Sivaka hawakubaliani, na wamebishana karne kwa karne.

Mimi nisiye na cheo ninalisoma hivi. Neno lenyewe maana yake ni tendo, na Buddha alisema anachokiita kamma ni nia. Basi anazungumza na mtendaji aliyesimama mbele yake: unataka kesho iweje, tenda hivi leo. Hasemi na jirani aliyeegemea ua. Tena aliyataja mambo manne ambayo mtu akiyafukua kwa mawazo atapata wazimu na mahangaiko, na mojawapo ni hilo hasa, kutafuta tendo gani lilizaa tunda gani. Daftari la mtu husoma mwenyewe, na hata mwenyewe kurasa nyingi hazioni.

Kisha kuna ule mfano wa chumvi ninaoupenda. Donge la chumvi ukilitia kwenye kikombe cha maji hayanyweki. Ukilitupa mto Ganges, nani ataonja? Tendo ni lilelile, ila uzito wake hutegemea limeangukia mtu gani, mwenye moyo mwembamba au mpana. Kwa hiyo si deni la dukani la kulipwa senti kwa senti. Anayekwambia hesabu imefungwa, mwambie aniandikie.

Ambedkar aliliona hilo kwa ukali kuliko watawa. Yule mwanasheria aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India alizaliwa katika watu walioitwa wasioguswa. Tarehe 14 Oktoba 1956 aliingia Ubuddha pale Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake, lakini ile tafsiri kwamba mtu huzaliwa chini kwa makosa ya maisha yaliyopita aliikataa katakata. Alijua inamnufaisha nani. Ukimwaminisha maskini kwamba umaskini wake ni deni lake la zamani, aliyemnyang'anya analala usingizi mzuri.

Nani anarudi, hilo ni gumu zaidi, kwa sababu Wabuddha hawakubali kwamba kuna roho inayohama mwili huu kwenda ule kama mpangaji. Mfalme mmoja wa kale, Milinda, alimbana sana mtawa Nagasena hapo. Mtawa akamuuliza: taa iliyowaka usiku kucha, mwali wa alfajiri ni uleule wa jioni? Si uleule, wala si mwingine. Mimi nilielewa kiwandani. Jani lililoletwa asubuhi linanyaushwa, linasokotwa, linachacha, linakaushwa, na jioni unakunywa kikombe. Ni jani lile? Mfalme naye hakuwa mjinga: kama si yuleyule, basi kakwepa deni lake. Akajibiwa kwa mwizi wa embe. Mwizi hawezi kujitetea kwamba embe alilochuma silo lile mwenye shamba alilopanda, kwani hili limetokana na lile. Jibu zuri sana. Lakini bado nauliza: Baraka wangu wa miezi miwili, asiyekumbuka hata jana, utamfikisha mbele ya baraza la embe lipi? Hapo Nagasena ananishinda kwa maneno, ila moyo haufuati.

Nilitaka kukuandikia habari ya uji. Nimeizunguka kurasa zote hizi.

Februari 1999 kocha wa timu ya taifa ya Uingereza, Glenn Hoddle, alifukuzwa kazi baada ya gazeti kumnukuu akisema walemavu wanalipia maisha yao yaliyopita. Hakuwa hata Mbuddha. Tulisikia kwenye redio pale kwa muuza supu, na baba yako niliyekaa Sri Lanka nikatoa somo zima. Nikawaeleza vyanzo vinane kwa vidole. Sikukwama kama hamuduruwo. Watu walinisikiliza mpaka supu ikaganda.

Miezi sita baadaye baba yako mdogo alianguka kutoka kwenye lori la magogo, nyonga ikavunjika. Unakumbuka tulivyokuwa naye wakati ule. Lile shamba la milingoti la babu yenu alilouza bila kuniuliza, na mbegu ya pesa zile hakuna aliyeiona. Nilimpelekea uji hospitalini kwenye ile chupa ya chai yenye maua. Nikammiminia kikombe, nikamshikisha, na kabla hajaweka mdomoni nikamwambia, "Mdogo wangu, malipo ni hapahapa duniani."

Sikupandwa na hasira wala nini. Nilisema taratibu, kama nasoma neno la Mungu, na nikajisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijisikia vizuri.

Yeye alionja, akanirudishia kikombe. "Kaka, uji umepoa." Akageukia ukutani.

Baadaye vijana wa kupakia waliniambia mnyororo wa kufungia magogo ulikuwa umekwisha kwa kutu, nao walikuwa wamelalamika wiki nzima. Mnyororo! Kushambuliwa na gogo, hata kwa hesabu ya mzee wa Hatton kingekuwa cha saba. Lakini mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye cha nane, mimi niliyefundishwa, tena kwa methali yetu wenyewe, wala sikuhitaji Kipali. Alitembea na fimbo tangu hapo. Kwenye arusi yako alileta mbuzi mkubwa kuliko wa watu wote, na akakaa nje.

Kwa hiyo mwenzako wa wodini mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumtupia jiwe. Pengine alipumua tu, kama Amma. Pengine alisoma daftari. Muulize alimaanisha nini, muulize mkiwa wawili, na kama kwao wamempa nafasi ya kukuombea, mwache aombe. Amma alikuwa akimtumia marehemu mumewe "pin", yaani baraka za matendo mema, kila Poya. Nikawaza, kama kila mtu ana hesabu yake isiyoguswa, hizi zinapokelewaje? Sikumuuliza. Alikuwa ananipa na mimi.

Na swali lako la mlangoni. Nimeandika "hapana" nikaifuta. Nimeandika neno lingine nikalifuta pia. Mchungaji wetu naye anasoma barua za watu. Usinikumbushe Yohana sura ya tisa, ile ya kipofu tangu kuzaliwa, naijua. Niache nilivyo kwa sasa. Ila ukinibana sana nitakuambia kwamba mtu aliyezaliwa upya kutokana na yule aliyeshika chupa ya uji 1999 ninamwona kila asubuhi kwenye kioo, si yuleyule wala si mwingine, na deni analijua.

Niandikie plasta ya nne ya kunyooshea mguu wa Baraka inatolewa lini, na kama kisigino kimeanza kushuka. Mama yako anafuma soksi, nimemwambia zitakuwa kubwa, hasikii.

Baba yako mdogo alipita juzi kuchukua mbegu za maharage. Nikamweleza habari za mtoto, za mguu na za hospitali. Akanyamaza, akajikuna kwa fimbo. Kisha akauliza, "Na huko, uji wanaletewa wa moto?"

Baba yako