Maswali kwa Fundi wa Vito: Nani Analipia Saa Zako?

Ujumbe umekuwa mwingi, na nusu yake ni swali lilelile kwa mwandiko tofauti. Nimechagua haya. Walioniuliza "bei gani?" bila neno lingine, samahani, safu hii haina duka.

Nina shilingi 50,000 na nataka kuanza kutengeneza hereni na mikufu nyumbani. Ninunue nini? (Mbagala)

Swali hili haliishi, na anayeuliza hasemi kamwe anataka kutengeneza nini hasa. Hereni za waya? Bangili za kusuka? Mikufu ya kutunga? Kila moja ina vifaa vyake. Haya, narudia. Kama ni shanga: sindano nyembamba, uzi wa nailoni, mkasi mkali na rangi tatu za shanga namba 11. Namba ikipanda shanga inapungua; namba 11 ina milimita 2 hivi, namba 8 ina kama 3. Kama ni waya: plaizi ya mdomo wa duara, ya mdomo bapa na ya kukatia.

Rangi tatu nimesema, si kumi na tano. Tena nunua za kutosha kazi nzima siku moja, duka moja, maana nyekundu ya mzigo huu si nyekundu ya mzigo ujao. Dukani hutaiona tofauti. Utaiona mkufu ukishakaa kifuani kwa mteja. Pesa itakayobaki usiipeleke kwa mchapa lebo. Siku hizi mtu ana lebo ya kung'aa kabla hajajua kufunga fundo.

Nasuka bangili za shanga, nauza 8,000. Shanga na uzi zinanigharimu 3,500 na kazi inachukua saa nne. Wateja wanasema ghali, Kariakoo bangili ni 2,000. Niteremshe? (Kigogo)

Usiteremshe. Wala usije ukasema "basi kwa sababu ni wewe, lete sita".

Chukua kalamu, dada yangu. Mbali na hizo 3,500 kuna nauli, mfuko wa kufungia na umeme wa taa. Tuseme 1,500 kwa bangili. Katika 8,000 umebakiwa na 3,000. Gawa kwa saa nne: shilingi 750 kwa saa, kwa kazi inayokula macho na mgongo. Hapo bado hujaweka muda wa kufumua ulipokosea hesabu ya mstari, na muda wa kujibu mtu maswali kumi usiku halafu asinunue.

Sasa anzia upande wa pili. Amua saa yako ni shilingi ngapi. Sikupangii, lakini tuseme 2,000. Saa nne ni 8,000. Ongeza gharama 5,000, umefika 13,000 na faida bado. Ukiuza 15,000 ndipo kuna cha kuongezea shanga za kesho. Ukiona bei hiyo haiendi kwa wateja ulio nao, una njia mbili halali: suka muundo unaokwisha kwa saa mbili na nusu, au tafuta wateja wengine. Njia ya tatu, ya kujikata mshahara kimyakimya, ndiyo inayowafanya mafundi wengi wazuri waache kazi hii mwaka wa pili wakilaumu nyota zao.

Hizo bangili za 2,000 zimeshuka na kontena. Mashine haichoki wala haina watoto wa kupikia, huwezi kushindana nayo. Anayekulinganisha nayo mwache aende kwa amani, ipo siku atarudi imekatika.

Na hili hukuuliza, ila nalisema: usimwachie mwenye duka la watalii vipande vyako kwa mali kauli bila karatasi. Andikeni idadi, bei na siku ya malipo, mtie saini wote wawili. Undugu ubaki kwenye harusi.

Shikamoo fundi. Mume wangu analalamika nimegeuza sebule kuwa karakana. Nifanyeje? (Tabata)

Marahaba mwanangu. Mume ana hoja, hasa kama kuna mtoto anayetambaa. Shanga moja inatosha kumpalia, na vidole vya mtoto vinaziona kabla ya macho yako. Tafuta sinia pana lenye ukingo, tandika ndani kipande cha blanketi la zamani, ufanyie kazi humo. Shanga hazitabingirika, na mgeni akipiga hodi unanyanyua sinia zima na kuliweka juu ya kabati. Kaa karibu na dirisha. Rangi zichague asubuhi. Chini ya taa ya njano bluu iliyoiva na nyeusi ni kitu kimoja. Mimi ndivyo siku yangu ilivyopangwa: kubuni na kuchagua rangi mapema nyumba ikiwa kimya, mchana wa joto, vidole vikiwa na jasho, sigusi shaba, nafunga ncha na kukagua kazi ya jana.

Lakini sidhani ugomvi ni wa sebule. Ugomvi ni kwamba uko nyumbani, kwa hiyo unaonekana huna kazi. Jirani anakuachia funguo, wifi anakutuma sokoni "kwa kuwa wewe upo tu", fundi bomba akija ni wewe wa kumsubiri. Ungekuwa umeajiriwa dukani, hata kwa mshahara wa kuungaunga, hakuna ambaye angethubutu. Weka saa za kazi na uzitangaze. Simu ya wifi ikiita katikati ya mstari, mwambie uko kazini, utampigia saa nane. Mara ya kwanza atanuna. Na weka daftari la mapato mahali mume atakapoliona bila kuonyeshwa.

Shanga za kiunoni ninazotunga zinakatika ndani ya wiki chache. Natumia uzi mzito kabisa. (Tanga)

Unene wa uzi si dawa. Chukua shanga moja, ipitishe kwenye uzi, kisha vuta uzi huku na huko mara kadhaa ukibana kwa kidole gumba. Ukiona uzi umetoa manyoya, kingo za tundu ni kali, na shanga zote za mfuko huo zitafanya msumeno mteja akitembea. Zile ndefu za mrija ndizo mbaya zaidi. Ukizitaka, weka shanga ya duara kila upande wa mrija ili uzi usikunjike kwenye ukingo wake.

Halafu uzi wenyewe: unyooshe kwa kuuvuta kabla ya kutunga, la sivyo utajinyoosha ukiwa kiunoni na mapengo yataonekana. Upake nta ya nyuki. Ncha zirudishe ndani ya shanga kadhaa, ukifunga fundo dogo hapa na pale, usiishie kwenye fundo moja kubwa. Na acheni kiberiti! Nailoni ikiyeyuka inaacha kidonge kigumu kinachokwaruza ngozi. Gundi ya haraka ya bomba dogo nayo inaukausha uzi pembeni ya fundo, na hapohapo ndipo utakapokatikia.

Wateja wanawashwa masikio na hereni zangu. (Dodoma)

Nikeli hiyo, metali iliyo kwenye zile ndoano za bei poa. Badilisha ndoano tu, hereni yenyewe haina kosa. Tumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Chuma cha pua kizuri pia kinawafaa wengi. Ila muhuri wa 925 hata muhuni anaweza kuugonga, nunua kwa sonara anayekupa risiti. Na kama unauza shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, sema hivyo. Dhahabu ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75. Hiyo yako haina.

Kaka mmoja ameniletea tanzanite mbichi kwa bei nafuu sana. Nataka kuipachika kwenye pete, unashauri pete ya muundo gani? (Arusha)

Nashauri umrudishie leo.

Tanzanite inachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, tangu ilipogunduliwa mwaka 1967, na ukuta wa kilomita 24.5 uliokamilika mwaka 2018 haukujengwa kwa urembo. Ulijengwa kwa sababu ya hao hao "kaka" wanaotoka na mawe mfukoni. Biashara ya madini inataka leseni, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na ukikutwa na jiwe lisilo na karatasi, maelezo kwamba ulidhani ni nafuu hayatakusaidia. Fundi wa nyumbani ananunua jiwe lililokwisha kukatwa, kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akiwa na risiti mkononi. Gharama itapanda, ndiyo.

Pengine si tanzanite kabisa. Jiwe la kweli ukiligeuzageuza kwenye mwanga wa jua linabadilika, upande huu bluu, upande ule zambarau. Kioo kinabaki na rangi moja. Hiyo si hukumu ya mwisho, maana wapo mafundi wa kuiga walio hodari kuliko wewe na mimi. Uko Arusha, na Kituo cha Jemolojia, yaani elimu ya vito, kiko hapo hapo, wataalamu wapo, kawaulize.

Na hata ukipata la halali, mbona pete? Ugumu wa tanzanite ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs. Mchanga mwingi ni wa 7. Mkono unaofungua mlango, unaoosha vyombo, unaoshika nguzo ya daladala, utalichubua. Litie kwenye hereni au kidani. Chomelea chuma chote kwanza, jiwe lipachikwe mwisho, maana joto la ghafla linalipasua. Kulisafisha ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini.

Je, naweza kutumia gamba la kasa au singa za mkia wa tembo? Watalii wanazipenda. (Bagamoyo)

Hapana. Singa za tembo ni nyara za serikali, na kasa naye analindwa. Mtalii atapanda ndege, kesi itabaki na wewe.

Mwalimu mmoja alituambia shanga za kioo za Wamaasai zinatoka Ulaya, kwa hiyo si utamaduni wetu. Kweli? (Moshi)

Nusu ya kwanza ni kweli. Shanga nyingi nzuri za kioo hutoka Jamhuri ya Czech, na kabla ya hapo pwani yetu ilipokea shanga za kutoka India kwa karne nyingi. Lakini huku watu walikuwa wakitoboa maganda ya mayai ya mbuni kutengeneza shanga tangu miaka 40,000 hivi iliyopita. Zimefukuliwa Enkapune ya Muto, Bonde la Ufa, Kenya. Nani alimfundisha nani?

Tena soma habari za misafara ya karne ya 19. Shanga zilikuwa fedha ya njiani, zikihesabiwa kwa kete, yaani nyuzi zilizotungwa, kete kumi fundo moja. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyokwisha pitwa na wakati huko bara alikula hasara, maana wanawake wa huko hawakuzitaka. Kiwanda kilikuwa Ulaya, amri ya rangi ilitoka kijijini. Anayepanga nyekundu ikae wapi na nyeupe imaanishe nini ndiye mwenye kazi.

Nimeishiwa ubunifu. (Mwanza)

Tandaza kanga. Angalia pindo lilivyoufunga mji, yaani ile sehemu ya katikati, kisha hesabu rangi. Nyingi zina mbili au tatu tu. Anza na hizo.

Mtu ameiga hereni zangu kutoka kwenye picha na anauza nusu bei. Nimshitaki? (Kinondoni)

COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, peleka michoro yako na tarehe zake wakushauri. Lakini nimeitazama picha uliyonitumia. Huo mpangilio wa pembetatu, mama yangu, wewe uliutoa wapi?

Wanaouliza kwa ajili ya toleo lijalo: andikeni ukubwa wa shanga, aina ya uzi, na saa mlizotumia. Swali lisilo na saa silijibu.