Jibu: Wawili bila ala, tuigize wanawake gani wa vitabuni?

Shoga, umeuliza wewe na mwenzio mchekeshe vipi kwa sauti tupu, bila hata tari, na muwaigize akina nani. Mimi ningewachukua Portia na Nerissa wa Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka 1969. Wanavaa kiume, mmoja wakili, mwingine karani wake, wanawatoa pete waume zao wasiowatambua, halafu nyumbani wanawauliza, "Pete iko wapi?" Hapo ni mipasho mitupu, na Tanga hii nani asiyejua kupasha!

Sisi tulipojaribu hapa Ngamiani tulianza juu mno. Ubeti wa tatu mwenzangu kabaki na mluzi tu. Anzeni chini: mmoja avumishe sauti mdomo umefumbwa, mwenzie aidake. Mmoja akiimba, mwingine awe ngoma, "du-tak, du-tak", na wakili akidanganya tu, ngoma ikwame ghafla. Watu watacheka, msiwakimbilie, wasubirini wamalize.

Masharubu msichore kwa mkaa, jasho likija yanahamia kidevuni. Tumieni wanja.