Kwa nini hawakushusha presha ya baba baada ya kiharusi?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64. Alilala mzima saa nne usiku, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Tulimfikisha hospitali ya mkoa saa tano. Picha ya CT ilionyesha hakuna damu iliyovuja, wakasema ni kiharusi cha mshipa kuziba. Presha ilikuwa 196/104 lakini hawakuishusha, na uji tuliompelekea wakaukataa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hakupewa. Leo ni siku ya sita. Je, walimpuuza? Na atatembea tena?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa kuuguza. Kwa ulivyoeleza sioni kupuuzwa. Mambo mawili yaliyowauma zaidi, presha na uji, ndiyo yaliyokuwa matibabu yenyewe.

Mshipa wa ubongo ukiziba, kiini cha eneo lililokosa damu hufa mapema. Pembezoni hubaki sehemu iliyozimia tu, inayoishi kwa damu kidogo inayopitia mishipa ya jirani, na damu hiyo husukumwa na presha ileile inayowatisha ndugu. Ukiishusha ghafla, sehemu hiyo hukauka kama nyumba za mlimani zinavyokosa maji presha ya bomba ikipungua. Ndiyo maana mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha huachwa na presha hadi 220/120 siku moja au mbili za mwanzo, isipokuwa moyo au kiungo kingine kikiwa hatarini. Ikipita hapo hushushwa taratibu, kama asilimia 15 kwa siku nzima. Nawasihi ndugu wote: msimpe mgonjwa kwa siri kidonge cha presha mlichotoka nacho nyumbani. Kwa baba yako sasa muda huo umepita, kwa hiyo muulizeni daktari dawa ya presha inaanza lini.

Kuhusu uji, kiharusi hulegeza pia misuli ya koo. Chakula kikiteleza kuingia mapafuni huleta nimonia, ambayo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa wodini. Kabla ya kula chochote, muuguzi humkalisha mgonjwa wima, humpa maji kijiko kimoja kimoja, kisha humwambia aseme "aaa". Akikohoa, au sauti ikatoka ya majimaji, analishwa kwa mpira wa puani mpaka koo lipate nguvu. Hata vidonge hupita huko.

Kazi hii huonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Katika utafiti uliochapishwa 2011, uliofanyika kwenye wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, Australia, wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa kufuatilia kwa karibu homa, sukari na kumeza katika siku tatu za kwanza. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki tegemezi katika wodi hizo walikuwa asilimia 42. Kwingine walikuwa 58. Natamani kila hospitali ya wilaya ifanye hivyo, maana haihitaji mashine.

Dawa ya kuyeyusha, alteplasi, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Tatizo ni kwamba saa haihesabiwi tangu alipoamka, bali tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, yaani saa nne usiku. Mlipofika hospitali, saa 13 zilikuwa zimepita. Hata kwa waliowahi ina hatari: katika utafiti wa Marekani wa 1995, kama 6 kati ya 100 waliopewa walivuja damu kwenye ubongo na hali ikawa mbaya zaidi. Kulivuta bonge la damu kwa mrija kunawezekana kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24, ila kwetu huduma hiyo iko hospitali chache mno.

Ulizeni mambo mawili. Je, alipewa aspirini ndani ya saa 48? Faida yake ni ndogo, kama watu 10 katika 1,000 wanaoepuka kifo au kiharusi kingine, lakini ni ya kweli na bei yake haimshindi mtu. Na je, alipimwa moyo kwa ECG? Mapigo yakiwa hayana mpangilio, dawa ya kukinga kiharusi kingine hubadilika.

Kutembea: siku ya sita ni mapema mno kuahidi. Anayeweza kukaa bila kushikiliwa na kuuchezesha mguu hata kidogo siku hizi za mwanzo, mara nyingi hutembea. Nafuu kubwa huja miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo mazoezi ya viungo yaendelee hata akiruhusiwa kwenda nyumbani. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mnapomnyanyua, msimvute kwa mkono wa kulia. Bega lililolegea huteguka kirahisi, na maumivu yake yatamfanya agome mazoezi.