Jibu: Gauni linateremka kifuani, fundi anataka kulibana

Habari dada, na hongera sana. Nimekuelewa hivi: gauni lako linaacha mabega wazi, linateremka kila ukitembea, fundi anataka kulibana zaidi kifuani, na harusi ni wiki tatu zijazo.

Usikubali aanze na kifua. Lipindue uangalie kiunoni: kuna utepe mgumu ulioshonewa ndani, wa kufungwa kwa kulabu mgongoni? Gauni la namna hiyo hushikiliwa na kiuno, hasa sketi ikiwa nzito. Langu lilikuwa linashuka vilevile. Fundi alipoweka utepe pale kiuno kinapokuwa chembamba zaidi, uzito wa sketi ukahamia hapo na kifua kikatulia. Uwe utepe usiovutika, lastiki haitakusaidia. Unafunga utepe kwanza, ndipo unapandisha zipu, na zipu yenyewe haiteseki.

Ukienda kulijaribu, vaa sidiria na viatu vya siku yenyewe, tafadhali. Sidiria ikibadilika, kifua cha gauni nacho hukaa tofauti, na kisigino ndicho kinachoamua urefu wa pindo. Kaa kitini, inua mikono, vuta pumzi, cheza kidogo. Likishuka bado, ndipo apunguze pembeni, kidogo kidogo. Pindo liwe la mwisho kabisa.

Kama mwili wako unapungua au kuongezeka siku hizi, mwambie asikate kitambaa cha akiba kwenye mishono. Ukishaangalia kiunoni, tuambie umekuta nini.