Nyama, dagaa na moyo wako

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hapa sote wazima, alhamdulillah. Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaurudia tena usiku watu walipolala. Unasema tangu uanze kukaa meza moja na yule mwenzako wa kazini, wa dini ya Kijaini, ile ya Wahindi wasiodhuru kiumbe, nyama imekuwa haikupandi. Yeye hali nyama, hali samaki, hali hata kitunguu wala kiazi, na unamwona ametulia kuliko wote hapo ofisini kwenu Dar. Ukaniuliza: mama, je, nyama inamzuia mtu kumkaribia Mungu? Nikiiacha nitakua kiroho? Swali zito, halijibiki kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Jibu langu ni hili. Kuacha kula nyama unaweza, hakuna atakayekukamata. Kuiharimisha huna ruhusa. Na kujiona umewapita wenzako kwa sababu umeiacha, hapo ndipo ninapokuogopea.

Imam Muslim amepokea kisa cha masahaba waliouliza habari za ibada za Mtume, rehema na amani zimshukie, anapokuwa nyumbani kwake. Walipokwisha kuambiwa, mmoja akasema hataoa. Mwingine akasema hatakula nyama. Mwingine akasema hatalala kitandani. Mtume aliposikia akashangaa watu wanasema hivyo, akasema yeye anaswali na analala, anafunga na anafungua, na anaoa. Anayeiacha njia yake si wake. Ona, mwanangu: swali lako si la leo wala halikuletwa na Wahindi. Liliulizwa Madina, na watu waliokuwa na shauku kama yako.

Lakini usidhani dini imetuambia tuivamie nyama. Sayyidna Umar aliwaonya watu na nyama, akasema ina uraibu kama wa pombe. Maneno hayo yamo katika kitabu cha Imam Malik. Nami nimeuona uraibu huo. Kuna wanaume hapa mjini, usiku usipopita na mishikaki wanaona kama hawajaishi, na nyumbani watoto wanakula ugali na chumvi. Nyama ya namna hiyo inaziba moyo kweli, tena haraka.

Sasa kuchinja kwenyewe. Katika Suratul Hajj Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba nyama za wanyama wetu hazimfikii, wala damu zao. Kinachomfikia ni uchamungu wetu. Aya hiyo marehemu babu yako aliijua kwa mikono. Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini. Kisu alikinolea nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, mbuzi asikione. Akijaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba. Mbuzi alipewa maji kwanza. Kama wako wawili, mmoja hupelekwa mbali asimwone mwenzake. Akimlaza anamwelekeza kibla, anamfunika jicho kwa kiganja cha kushoto, anasema Bismillahi Allahu Akbar, na mkono unapita mara moja. Halafu hazungumzi. Atakaa pale amechuchumaa, mkono bado uko juu ya shingo ya mnyama, mpaka miguu iishe kutikisika. Watoto waliokuwa wakicheka aliwafukuza. Mtume amesema Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila kitu, na akataja kuchinja hapohapo: mtu anoe kisu chake, ampe raha mnyama wake. Mimi nilijifunza kumwogopa Mungu kwa kumtazama mzee yule akichinja kuliko kwa mawaidha mengi niliyoyasikia. Wewe huko unanunua nusu kilo kwenye mfuko, hujui mnyama alikufaje. Nadhani sehemu ya kinachokusumbua ni hicho, na una haki kusumbuka.

Nami nikuulize. Umesema nyama umeacha, ila dagaa ninaokutumia kwa basi bado unakula. Mimi nimeanika dagaa tangu hujazaliwa. Wavuvi wanatoka jioni siku za giza, wanawasha taa ziwani, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unapandishwa. Asubuhi pale Kibirizi tunawamwaga kwenye vichanja na kuwatandaza kwa mkono, wasilaliane. Ukiinama utawaona mmoja mmoja, mdomo wazi, kila mmoja na macho yake. Sahani moja ya dagaa inaweza kuwa na roho mia na zaidi. Mbuzi wa Idi ni roho moja, na fungu lake linafika mtaa mzima. Samaki kwetu hachinjwi, maiti wa majini ni halali, kwa hiyo hakuna anayekaa akamfikiria. Mwenzako huyo amelifikiria jambo hili mpaka mwisho: hata kiazi hali, kwa kuwa ukiking'oa umeua mmea wote na vijidudu vilivyo udongoni. Namheshimu. Basi kama wewe umeacha kwa huruma, huruma yako isiishie kwa wanyama wenye macho makubwa.

Tena kukosa tu hakumkuzi mtu. Serikali ilipolifunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, tulikaa na maharage na kisamvu cha mawese wiki hadi wiki. Jirani yetu mmoja, mjane, alikuwa na magunia ya dagaa wakavu. Aliendelea kuuza kwa bei ya zamani, na wazee aliwapimia bure. Mwingine, mwenye uwezo kumshinda, aliyafungia ya kwake ndani akingoja bei ipande. Wote wawili walikuwa wamekosa samaki wabichi sawasawa. Nani alikua, unajua mwenyewe.

Kuna kisa cha Gandhi, yule kiongozi wa India, ninachokipenda. Ujanani kule Gujarat rafiki alimshawishi ale nyama ya mbuzi kwa siri, na usiku ule akawa anaota kama mbuzi analia tumboni mwake. Bado akaendelea kula. Kilichomwachisha kwanza ni kwamba alikuwa akiwadanganya wazazi wake, na uongo ule ukamshinda kuubeba. Mwaka 1888, kabla hajasafiri kwenda London kusoma sheria, alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, na kiapo alikitimiza. Huruma kwa wanyama ilikuja kukomaa baadaye, juu ya ukweli. Ndiyo maana nimefurahi umeniuliza mapema kuliko kujificha.

Jambo moja nakusihi sana. Ukienda kwa shangazi yako Kasulu, mpigie simu kabla. Mwambie: shangazi, nyama siku hizi sili, nipikie maharage. Unamjua, akisikia gari tu amekwisha mkamata jogoo. Usikae kimya mpaka kuku achinjwe, anyonyolewe, apikwe, ndipo uisukume sahani. Hapo kuku atakuwa amekufa bure, na shangazi yako utakuwa umemuumiza mbele ya watu. Ikitokea umechelewa kusema, kula kipande, mshukuru, umwombee dua. Mungu anaijua nia yako.

Na mwili una haki juu yako. Kula maharage, dengu, karanga, mboga za majani. Vitamini B12 haimo kwenye mimea, kwa hiyo usiache vyote, mayai na maziwa na dagaa, bila kuuliza daktari. Ulivyokonda mwaka jana sijasahau.

Jaribu hivi: iache kama mtu afungavyo sunna, bila kutangaza. Pesa ya nyama uitoe sadaka. Ukifika mwezi, jitazame ulimi wako, swala zako, hasira zako kwa wadogo zako. Ukiona umelainika, endelea, nami nitakuunga mkono. Ukiona umeanza kuwatazama walaji kwa dharau, rudi ule na watu.

Idi ya kuchinja tutachinja kama kawaida, inshallah. Niambie mapema kama utakula, ili fungu lako, kama hulitaki, nimpelekee yule mjane.

Mama yako akupendaye.